Kikapu cha Asubuhi

Siku hizi hakuna anayeagiza chakula. Duka linajua kila nyumba inahitaji nini, na kikapu hufika mlangoni asubuhi. Ndugu au jirani anayelitonya duka habari za wenzake hupunguziwa bei.

Mwantumu, fundi cherehani wa Morogoro, hakulijali hilo mpaka kikapu chake kilipokuja bila chumvi. Alikuwa amemweleza mtu mmoja tu kwamba anahofia ana presha, naye ni dada yake, Saumu.

Akaamua kumjaribu. Saumu alipokuja kumtembelea, alimpeleka nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo, na simu zote wakaziacha ndani.

"Dada, nina mimba," alimwambia. Haikuwa kweli.

Saumu alimshika mikono. "Baada ya miaka kumi na moja. Shemeji anajua?"

"Bado. Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, mdogo wangu?"

Kesho yake Mwantumu alichelewa kuamka. Alimkuta mumewe, Mbaruku, amechuchumaa kando ya kikapu, ameshika kopo la maziwa ya wajawazito. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mbona hukuniambia, mke wangu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwantumu alikuwa na hakika sasa kuhusu dada yake. Akafungua mdomo amweleze mumewe ukweli, kisha akamtazama usoni. Alikaa chini karibu naye, akamwacha aweke kiganja juu ya tumbo lake.