Hori ya Maksai

Maksai mmoja wa Bethlehemu alikuwa mlafi ajabu. Hata kuku akidonoa punje horini mwake, alimtimua. Jioni moja akakuta mtoto mchanga amelazwa juu ya majani yake.

"Nani kaweka mtu kwenye chakula changu?" akafoka.

"Mama yake," akajibu Punda, aliyembeba mama huyo safari nzima. "Kila nyumba imewanyima nafasi. Nawe mtoe, kama moyo unakutuma."

Maksai akainama avute majani. Mtoto akamshika pua kwa kiganja cha baridi. Maksai akaanza kumpumulia taratibu, apate joto.

Kulipokucha alikuwa bado ameinama, na majani hajayagusa.

"Hukula?" akauliza Punda.

"Nimeshiba," akanong'ona Maksai. "Hebu mwite na yule kuku. Horini leo kuna cha kututosha sote."