Picha ya Utumbo wa Mwanakombo

Siku hizi maumivu ya tumbo huhesabika pale tu yanapoonekana kwenye picha. Mwanakombo ana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, na kila asubuhi kitanda chake chenye mashine humpiga picha ya utumbo, na majibu hutokea ukutani. Leo yalisema uvimbe umetulia.

“Bado naumwa,” alimwambia mumewe, Shebe.

“Mke wangu, picha ni safi,” Shebe alijibu kwa upole. Akamtengea mchuzi wenye pilipili, akaenda kazini.

Mchana mama yake Mwanakombo alikuja, akamkuta amejikunja sakafuni. Akamwinua kichwa, akakipakata.

“Unaumwa wapi, mwanangu?”

Ilikuwa imepita miaka bila yeye kuulizwa swali hilo. Mwanakombo alishika tumbo, machozi yakimtiririka, akageuka kuutazama ukuta uliokuwa bado na majibu ya asubuhi.

“Siumwi, mama,” alisema.