Mgeni wa Jumamosi

Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado hakijatolewa.

Emery aliliona hilo wakati abiria wake wengine wote wamepiga magoti kwenye nyasi, wakipiga picha mkokoteni wa punda uliopita na shehena ya mahindi. Thabo peke yake alisimama wima, kamera ikining'inia shingoni, macho yake kwenye mlango wa kibanda cha mikate.

Haikuwa mara ya kwanza.

Emery, Mrundi aliyewahi kupiga picha za harusi Bujumbura, sasa aliendesha safari za bei nafuu kwa wapenda picha. Kila Jumamosi kombi yake, basi dogo la abiria, iliondoka mtaa wa Berea, Johannesburg, asubuhi, ikapita Krugersdorp, ikaingia mashambani chini ya milima ya Magaliesberg. Huko waliishi waumini wa kanisa dogo waliokataa umeme, magari na simu. Walivaa nguo za kahawia na kulima kwa punda.

Wapiga picha wengi wa Johannesburg walikuwa wamefukuzwa kwenye geti lao. Emery alikubaliwa. Ulimboka, Mtanzania mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa mzee wa kanisa, alimpa masharti: uso wa mtu usipigwe picha, nauli iwe ndogo hata mwenye mshahara mdogo aimudu, na matangazo yabandikwe Berea, si Sandton. Emery angependa wateja matajiri wa Sandton, lakini hakubishana. Alijua kosa moja tu lingefunga geti lile, na kombi ndiyo iliyowalisha wanawe.

Kwa hiyo alianza kumchunguza Thabo.

Alikuwa kijana mrefu, mlinzi wa jengo fulani pale Berea, mtu wa maneno machache. Ndani ya kombi alikaa nyuma peke yake. Akisalimiwa alijibu kwa Kiingereza, kisha akafumba macho huku wenzake wakipiga soga kwa Kiswahili. Léocadie, mmoja wa abiria, mshonaji wa Jules Street kule Malvern, hakuona haja ya kushusha sauti.

"Kaka Emery, huyu hapigi picha," alisema asubuhi hiyo njiani. "Huyu anapeleleza."

Akaeleza kwamba amesikia habari za mashamba yaliyovamiwa, na kila mara kulikuwa na mtu aliyetangulia kuja kama mgeni, akasoma milango na njia. Thabo alifumbua macho, akamtazama kwa muda, akayafumba tena.

Siku hiyo Emery hakupiga picha hata moja. Alimfuata Thabo kwa macho.

Mikate iliuzwa na mama mmoja wa makamo, kitambaa chake cha kichwani kimeshuka hadi kwenye nyusi. Alimkabidhi kila mgeni mkate mkononi, kwa mikono miwili, akimtakia baraka. Thabo alikwenda wa mwisho, kama kawaida yake. Kwake yeye, yule mama aliuweka mkate juu ya meza, akarudi nyuma na kuinamisha kichwa. Thabo naye aliweka sarafu mezani, akauchukua mkate. Hakuna aliyesema neno. Mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka.

Anamwogopa, Emery aliwaza. Kuna kitu amemfanyia.

Wageni walipokwenda kuangalia kisima, Thabo hakuwa miongoni mwao. Emery alimkuta nyuma ya nyumba za waumini, ameegemea ukuta, akichungulia dirisha la chumba kidogo chenye kitanda kilichotandikwa vizuri. Alipomuuliza anatafuta nini, kijana alijibu kwamba hatafuti kitu.

Emery akaitaka kamera. Thabo aliivua shingoni na kumpa bila ubishi. Emery alifungua sehemu ya betri. Ilikuwa tupu. Akafungua sehemu ya kadi. Tupu vilevile. Kamera ile ilikuwa pambo tu, ya kumpitisha mtu getini.

Akamwamuru akakae ndani ya kombi. Kisha akasimama kidogo pale uani. Akisema, huenda safari zake zikafa leo. Asiposema, na wezi wakaja kweli, atawatazamaje watu hawa waliomfungulia geti? Akaenda kumtafuta Mzee Ulimboka.

Alimkuta kwenye zizi la punda akishona hatamu iliyokatika. Emery akamweleza yote: kamera isiyo na betri, dirisha, mama wa mikate na mikono yake iliyotetemeka. Mzee alisikiliza bila kuinua kichwa, sindano ikiingia na kutoka kwenye ngozi.

"Nisamehe, Mzee, ni mimi niliyemleta," Emery alisema. "Leo namrudisha mjini na hatakanyaga tena hapa. Ukitaka, nitakwenda polisi."

Sindano ilisimama.

"Amekonda," mzee alisema, "au ni macho yangu tu?"

Emery hakuelewa. Akauliza ni nani aliyekonda.

Mzee Ulimboka alitazama mlangoni, kisha uani, hadi akahakikisha kwamba hakuna muumini aliye karibu. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Kanisa lilimtenga mwanangu. Haruhusiwi kurudi nyumbani, na sisi haturuhusiwi kumsemesha, wala kumpa kitu mkononi. Lakini wageni wanaruhusiwa."

Akaishika tena sindano.

"Jumamosi ijayo mwambie asingoje kuwa wa mwisho kununua mkate. Mama yake hukaa roho juu, akidhani hakuja."