Kikapu cha Mbele

Mkesha wa Krismasi, pale buchani, waliopanga foleni hawakuwa watu bali vikapu. Ukishaweka chako chini unakwenda zako kutafuta mchele na vitunguu bila kusukumana na mtu, na ukirudi unakikuta mahali pake. Muuza nyama hakutazama sura, alitazama vikapu. Hakuna aliyegusa cha mwenzake.

Skolastika aliporudi, pande moja tu la nyama lilikuwa limebaki kwenye ndoano, na mbele ya kikapu chake kilikuwapo cha Bibi Veneranda, kile chenye mkono uliofungwa kitambaa cha kanga. Nyumbani wakwe walikuwa wameshafika. Akaangaza huku na huku, kisha akakisukuma kile cha bibi nyuma ya chake kwa mguu. Kwa mguu, kama mtu anayefukuza paka.

Nyama ilikuwa imeshaingia kikapuni mwa Skolastika wakati Bibi Veneranda alipotokea, akihema.

"Imekwisha, bibi," muuza nyama akasema. "Ya mwisho kachukua huyu."

Bibi akavitazama vikapu, akacheka kidogo. "Uzee huu! Ningeapa nilikiweka mbele ya chako, mwanangu. Haya, sisi tutakula maharage."

Skolastika akainama kukiinua kikapu chake.

"Njoo nikutwike," bibi akasema. "Mzigo huo hutauweza peke yako."

Lakini bibi alikuwa mfupi, hamfikii. Basi Skolastika akapiga magoti vumbini mbele yake, na hata kikapu kilipokwisha kutulia kichwani, hakuinuka.