Kifyatulio cha Ratili Mbili

Karani wa mahakama alipomkabidhi bastola, Verlin Tackett, fundi wa silaha, hakuitazama kwanza. Aliishika kwa kiganja kizima, akakaza meno, akakivuta nyuma chuma cha juu mpaka chemba ya risasi ikawa wazi.

"Umeshaambiwa ni tupu, fundi," alisema Renfrow, mwendesha mashtaka. "Au karani naye mwongo?"

"Mazoea tu."

Ukumbini watu waliguna kumwunga mkono. Katika milima ile ya Arkansas mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa sala ya chakula: silaha iliyofungwa, hata ukipewa na mama yako mzazi, ifungue kwanza uone. Mkono hutangulia, akili hufuata.

"Haya, waambie waamuzi ulichoifanyia bastola hii."

"Nilibadili springi ya kifyatulio, nikasugua vyuma vinavyokutana. Ilipotoka kiwandani, kukivuta kulitaka nguvu ya ratili sita. Sasa ni mbili."

"Ratili mbili!" Renfrow aliwageukia raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi. "Ukipiga chafya, mtu keshakufa. Bwana Tackett, hujapata kusikia kwamba anayelegeza kifyatulio cha bastola ya kutembea nayo ametangaza nia yake?"

"Nimesikia. Na mama huyu mshtakiwa nilimwonya."

"Ukamwonya, halafu ukafanya! Basi ama yeye ni muuaji, ama wewe ni mzembe. Chagua moja."

"Yote mawili!" alifoka mwana wa marehemu kutoka viti vya nyuma. "Mbwa nyie!"

Jaji aligonga nyundo. Verlin alijifuta jasho la shingo. Alijua fika kwamba Bi Orpha Dillard akitiwa hatiani, yeye ndiye atakayefuata kizimbani, na leseni ya duka aliloachiwa na baba yake itazikwa pamoja na jina lake. Lakini kilichomkera zaidi ni kumwona mama yule, aliyemfundisha Zaburi tangu kimo chake hakijafika mezani, ameinamisha kichwa, mikono mapajani, vidole vimejikunja kama tangawizi.

"Tazameni mikono hiyo," alisema. "Baridi yabisi imeshaimaliza. Kifyatulio cha ratili sita hakivuti hata kwa vidole viwili. Nilimwona dukani kwangu akijaribu, machozi yanamtoka. Ninyi mlitaka ajikinge na nini? Awarushie watu mikate?"

Mmoja wa waamuzi alicheka, akajiziba mdomo.

Bi Orpha alikwisha kutoa maelezo yake. Garland, ndugu wa mumewe, waliyegombana naye kwa miaka juu ya shamba la miti ya pekani ambalo mume huyo alimwachia yeye, alimjia barazani ameshika shoka. Bi Orpha akakimbilia ndani ili ajifungie. Vidole vikashindwa kulizungusha komeo. Ndipo alipofyatua. Renfrow alidai kwamba Garland alikuja kurudisha shoka aliloazima, na kwamba mwenye kutaka kufunga mlango huufunga. Shahidi hakuwapo. Kesi nzima ilining'inia kwenye komeo lile.

"Kuna kingine ulichobadili?" aliuliza Renfrow, na alikwisha kumpa mgongo.

"Hakuna. Nilitaka nimlegezee na springi ya chuma hiki cha juu, maana ni ngumu kushinda kifyatulio, hata wanaume huitukana. Akaniambia, iache. Risasi nilimtilia mimi."

"Sina swali jingine kwa mtu huyu."

Waamuzi walirudi kabla ya chakula cha mchana wakasema hana hatia; na kwa sheria ya nchi ile, aliyeachiwa namna hiyo hashtakiwi tena kwa damu ileile. Mwana wa Garland alitema mate kwenye ngazi za mahakama, yakaangukia kiatu cha Verlin. Verlin alikifuta kiatu, akaenda zake. Ushahidi ni amana, naye alikwisha kuifikisha. Akalala usingizi wa mtu aliyesema kweli.

Mwezi ulipopita, Bi Orpha alimwomba ampeleke ofisi ya sherifu kuchukua bastola yake, kwa kuwa usukani ulikuwa ukimuumiza. Verlin alimfungulia mlango wa gari, akamfunga mkanda, akamfungulia na kizibo cha soda.

Askari wa zamu alikuwa mwenzake Garland katika kuwinda, wala hakulificha hilo.

"Chuma chako hicho, bibi," alisema, akaibwaga bastola juu ya kaunta, imefungwa, bila ya kuwaonyesha chemba. "Kama usingizi unakuja, lala salama."

"We bwana, mama yako hakukufundisha?" Verlin alimjia juu. "Unampaje mtu silaha hivyo, hata huja..."

Hakumaliza. Bi Orpha alikwisha kuitwaa. Alikibana kile chuma cha juu kwa kidole gumba na cha shahada, akakivuta nyuma mpaka mwisho, taratibu, kama mtu afunguaye pazia asubuhi. Akachungulia chemba. Akakiachia, kikarudi kwa mlio uliojaza chumba.

Askari aliacha mdomo wazi.

Bi Orpha aliitazama mikono yake. Kisha vidole vikaanza kujikunja, kimoja baada ya kingine, mpaka vikawa tangawizi tena. Akaisukuma bastola mbele ya Verlin kwa ubavu wa kiganja.

"Nibebee, mwanangu," alisema. "Si unaijua mikono yangu."