Chiriku Aliyeitaka Maiki ya Punda

Chiriku alikuwa na digrii ya muziki na hasira tele, ila kazi hakuwa nayo. Kila Jumamosi mbuga nzima ilijaa kuisikiliza bendi ileile ya roki, Punda akiimba na Kobe akipiga gitaa, tangu enzi za bibi yake Chiriku.

"Wazee wamening'inia stejini kama kupe," alifoka, "na talanta inafia mtaani! Seriously?"

Siku moja akaenda mazoezini, akamvuta Kobe kando.

"Shikamoo, mzee. Niseme ukweli, Punda hafiki noti za juu tena. Nyimbo mmezishusha, nasikia. Nipe mimi maiki."

"Punguza sauti, mjukuu wangu!" Kobe akashtuka. "Kila mwaka nashusha kidogo ili afike, na mwenyewe hajui. Akiambiwa, ataacha kuimba."

Basi kazi imepatikana! Chiriku akaruka hadi kwa Punda, mdomo wazi, lakini Punda akamwahi.

"Wewe msomi, najua umegundua. Nisitirie, tafadhali. Vidole vya Kobe vimekakamaa, ndiyo maana nayavuta maneno ili anifikie. Akijua, ataliweka gitaa chini."

Chiriku mwenyewe chuoni alivunja bendi mbili, kisa wenzake walichelewa biti.

"Haya, mwanangu, ulikuja kuniambia nini?"

"Nothing, mzee," Chiriku akajibu. "Nilitaka kujua kama mnahitaji mwitikiaji."