Keki ya Marehemu

Mke mpya alijua mambo yameharibika pale binti wa mumewe alipoacha kutafuna.

Walikuwa kwenye mandari, wanne tu, wameketi mkekani kando ya bwawa. Keki aliioka mwenyewe asubuhi kwa maelekezo ya wifi yake: unga, siagi, mayai, na karanga zilizosagwa laini kama vumbi.

"Ndivyo marehemu alivyokuwa akimwokea mwanawe," wifi alikuwa amemwambia. "Akionja tu, atakuita mama."

Sasa mtoto alikuwa akijikuna shingo. Mdomo wake wa chini ulianza kuvimba, ukang'aa kama uliopakwa mafuta.

Baba mtu alinusa kipande chake, uso ukamsawijika.

"Umeweka nini humu?"

"Karanga. Kama mama yake alivyo..."

"Mama yake hakuruhusu hata punje moja ivuke mlango! Zinamkaba pumzi huyu!"

Mke akamgeukia wifi yake. "Mwambie kaka yako. Si wewe uliyenielekeza?"

Wifi alikuwa akijifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, taratibu. Kipande chake cha keki kilikuwa bado kizima sahanini.

"Mimi? Mimi na kuoka wapi na wapi, wifi yangu?"

Mume alikwisha kumbeba mtoto, anakimbilia gari. Kifua cha mtoto kilikuwa kikitoa mlio kama filimbi. Mke akawatangulia mbio awafungulie mlango.

"Usimguse mwanangu," mumewe alisema.